Mtu ni Afya: Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima na Elimu ya Usafi Kilosa na Mikumi

Katika historia ya elimu ya afya nchini Tanzania hakuna kipindi kilichogusa watu wengi kwa pamoja kama miezi michache ya mwaka 1973, ambapo watu wapatao milioni mbili, wengi wao wakulima waliojifunza kusoma ukubwani au waliokuwa bado hawajui kusoma kabisa, walikutana katika vikundi vidogo kusikiliza redio, kusomewa kitabu, kujadiliana kuhusu maradhi yaliyokuwa yakiwasumbua na kuamua wenyewe la kufanya kabla ya kukutana tena. Kampeni hiyo iliitwa Mtu ni Afya, na chombo kilichoibuni na kuiratibu hakikuwa hospitali wala idara ya tiba, bali Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, ambayo kazi yake ilikuwa kufundisha. Sasa kwa kuwa zaidi ya miaka 50 imepita, kazi hiyo inastahili kukumbukwa kwa mapana yake, na inafaa itazamwe kutoka Wilaya ya Kilosa na mji mdogo wa Mikumi, mkoani Morogoro, ambako mito, reli, mashamba makubwa na barabara kuu vimekutanisha mahali pamoja karibu kila ugonjwa uliofundishwa na kampeni hiyo.

Taasisi yenyewe ilianza mwaka 1960 kama kitengo kidogo cha masomo ya nje cha Chuo Kikuu cha Makerere, yaani sehemu ya chuo iliyowapelekea masomo watu ambao hawakuwa wanafunzi wake, na Dar es Salaam ilipopata chuo chake kitengo hicho kikahamia huko na kukua, hadi mwaka 1975 Bunge lilipokipa uhai wake wa kisheria kwa Sheria Namba 12 ya mwaka huo. Miaka hiyo 15 ndiyo iliyokuwa ya ubunifu mkubwa kuliko yote katika maisha ya taasisi. Sensa ya mwaka 1967 ilikuwa imeonyesha kwamba takriban theluthi mbili ya watu wazima hawakujua kusoma na kuandika, na Mwalimu Julius Nyerere, aliyeutangaza mwaka 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, alikuwa akisisitiza kwamba taifa haliwezi kuwasubiri watoto wakue ndipo lianze kubadilika. Elimu ya watu wazima kwa maana hiyo ilikuwa pana kuliko kisomo: ilihusu kilimo, siasa, ufundi, malezi na afya, na ilimchukulia mtu mzima kuwa mtu mwenye maarifa yake, anayejifunza vizuri zaidi anaposhirikishwa kuliko anapohutubiwa.

Elimu ya afya, ambayo ndiyo kiini cha historia hii, ni kazi ya kumwezesha mtu kuelewa chanzo cha ugonjwa na kubadili mwenendo wake na mazingira yake ili ugonjwa huo usimpate, na kwa hiyo inatofautiana na tiba, ambayo humfikia mtu baada ya kuugua, na inatofautiana vilevile na amri, ambayo humbadilisha mtu kwa muda anaotazamwa tu.

Umuhimu wa tofauti hiyo unaonekana wazi katika jiografia ya Kilosa. Mto Mkondoa, unaoshuka kutoka nyanda kavu za Dodoma kupitia milima ya Usagara, unapita kando ya mji wa Kilosa kabla ya kuingia katika mbuga za Mkata na kuungana na mfumo wa Mto Wami, ilhali upande wa kusini maji yanaelekea Ruaha Mkuu. Mito hiyo imeipa wilaya ardhi nzuri ya mpunga, mahindi, mbogamboga na miwa, na imewapa pia wakazi wake mbu, konokono wa kichocho na mafuriko. Reli ya kati, ambayo ujenzi wake ulianza Dar es Salaam mwaka 1905, iliifanya Kilosa kuwa kituo muhimu cha utawala na biashara katika siku za Wajerumani, na baada ya pamba ya Wajerumani yakaja mashamba ya mkonge ya Kilosa na Kimamba, yaliyoleta manamba, yaani vibarua wa mkataba, kutoka sehemu nyingi za Tanganyika na nje ya mipaka yake. Katika miaka ya 1960 tawi la reli lilijengwa kutoka Kilosa kupitia Mikumi hadi Kidatu, kiwanda cha sukari cha Kilombero kikaanza kazi, na Hifadhi ya Taifa ya Mikumi ikatangazwa mwaka 1964. Wasagara, Wakaguru na Wavidunda wakajikuta wakiishi pamoja na Waluguru, Wamasai na watu wa makabila mengine mengi, hali iliyoifanya lugha ya Kiswahili kuwa chombo cha lazima na si cha hiari kwa yeyote aliyetaka kufundisha jambo lolote.

Mashamba makubwa na kambi za vibarua yana tabia yake ya kiafya. Watu wengi huishi mahali padogo, vyumba vimepangana, maji ni ya mfereji au ya mto, na choo ni cha wote, ambacho aghalabu huwa hakina mwenyewe wa kukitunza. Safura, ambayo ni upungufu wa damu unaoletwa na minyoo wadogo wanaoingia mwilini kupitia ngozi ya miguu inayokanyaga udongo wenye kinyesi, hustawi vizuri mno katika mazingira ya namna hiyo. Kichocho hufuata mifereji ya umwagiliaji na majaruba ya mpunga, kwa sababu konokono anayekilea hupenda maji yaendayo polepole. Na kuhara damu hupita kutoka kwenye kinyesi hadi mdomoni kwa njia ya mikono, nzi, chakula na maji. Tabibu anaweza kuyatibu yote matatu katika zahanati moja siku moja, na wagonjwa walewale wakarudi baada ya miezi michache kwa sababu njia waliyoupatia ugonjwa bado iko wazi.

Huduma zilizotangulia uhuru hazikuwa na nguvu ya kuziba njia hizo. Wamisionari wa Kianglikana wa Church Missionary Society walifika Usagara na Ukaguru katika robo ya mwisho ya karne ya 19, na kutokana na kazi yao Berega, upande wa kaskazini, ikaja kuwa na hospitali inayohudumia watu hadi leo. Upande wa kusini, Kanisa Katoliki lina Hospitali ya Mtakatifu Kizito mjini Mikumi. Serikali ya kikoloni ya Waingereza ilianzisha mwaka 1926 mpango wa madresa, yaani vijana waliofundishwa kwa muda mfupi kuosha na kufunga vidonda na kugawa dawa chache, waliofanya kazi katika zahanati ndogo chini ya tawala za wenyeji. Kuhusu usafi, chombo kikuu kilikuwa ukaguzi. Bwana afya, jina ambalo watu bado humwitia afisa afya, alijulikana kwa faini zaidi ya mafunzo, na choo kilichochimbwa kwa ajili yake kilikuwa choo cha bwana afya na si cha mwenye nyumba.

Ni haki kusema hapa kwamba watu wa nchi hii hawakusubiri serikali ili wajue usafi ni nini. Mafunzo ya jando na ya mwali, ambayo jamii za Morogoro ziliyathamini sana, yalikuwa na sehemu kubwa inayohusu mwili, hedhi, kujisitiri na utunzaji wa nyumba, na kungwi aliyeyatoa alikuwa mwalimu wa afya kwa kila hali isipokuwa cheo. Alifundisha kikundi kidogo, kwa lugha yao, akiwafahamu mmoja mmoja, na alirudi kuona kama alichokifundisha kimeshikwa. Mpangilio huo wa kale unafanana na ule uliobuniwa baadaye na Taasisi kwa njia ya redio kuliko unavyofanana na ukaguzi wa kikoloni, na ufanano huo unaeleza kwa kiasi fulani kwa nini mbinu ya vikundi haikuonekana kuwa kitu kigeni vijijini.

Baada ya uhuru, ripoti iliyoandaliwa na jopo la mtaalamu wa Uingereza Richard Titmuss na kuchapishwa mwaka 1964 ilishauri kwamba uzito uhamishwe kutoka hospitali za mijini kwenda vituo vya afya vya vijijini na kwenye kinga. Azimio la Arusha la Februari 1967 liliupa ushauri huo nguvu ya kisiasa, na mwaka 1971 serikali ikajiwekea lengo kwamba ndani ya miaka 20 kila mwananchi wa kijijini awe anapata maji safi ndani ya mita 400 kutoka nyumbani kwake. Malengo hayo yalihitaji watu wanaoelewa sababu zake, na hapo ndipo Taasisi ilipopata nafasi yake.

Wazo la vikundi vya kusikiliza redio halikuzaliwa Dar es Salaam. Wakulima wa Kanada walikuwa wakikutana kwa namna hiyo tangu mwaka 1941, India ilijaribu katika eneo la Pune miaka ya 1950, na Ghana ikafuata katika miaka ya 1960. Taasisi ililichukua wazo hilo kwa uangalifu, ikilijaribu kwanza katika mambo madogo: Kupanga ni Kuchagua, iliyoeleza mpango wa pili wa maendeleo wa miaka mitano; Uchaguzi ni Wako, iliyohusu uchaguzi mkuu wa 1970; na Wakati wa Furaha, iliyoadhimisha miaka kumi ya uhuru mwaka 1971 na kuwafikia washiriki wapatao 20,000. Kila moja iliwafundisha waandaaji jambo fulani kuhusu urefu wa kipindi cha redio, ukubwa wa herufi za kitabu na namna ya kumpata kiongozi wa kikundi anayeaminika. Kwa kuruka kutoka washiriki 20,000 hadi milioni mbili ndani ya miaka miwili, Taasisi ilifanya jambo la ujasiri ambalo halikuwa na mfano katika Afrika, na ujasiri huo ulitegemea maandalizi hayo ya kimya kuliko hotuba zozote.

Maandalizi ya Mtu ni Afya yaliunganisha Taasisi, Wizara ya Afya, wizara iliyosimamia elimu, Radio Tanzania Dar es Salaam na chama cha TANU, kwa msaada wa fedha kutoka Sweden. Kazi ngumu kuliko zote ilikuwa kuwaandaa viongozi wa vikundi wapatao 75,000, na hiyo ilifanywa kwa mafunzo ya ngazi kwa ngazi: kundi dogo la kitaifa liliwafundisha wakufunzi, wakufunzi wakaendesha semina wilayani, na semina hizo zikawatoa watu waliokwenda kuwaandaa viongozi katika tarafa na vijiji. Wengi wa viongozi hao walikuwa walimu wa shule za msingi, viongozi wa chama na watu wa kawaida waliojua kusoma. Hawakutakiwa kuwa wataalamu wa tiba, bali walifundishwa kuongoza mazungumzo, kumpa nafasi mtu mkimya, kumzuia anayetawala kikao na kuhakikisha kwamba kikao hakiishi bila uamuzi. Vitabu vilichapwa kwa herufi kubwa na picha, kwa Kiswahili chepesi, vikiwa vimelengwa kwa watu waliotoka karibuni katika madarasa ya kisomo, ambao walikuwa na njaa ya kitu cha kusoma; hata vitambaa vya nguo vilichapwa alama za kampeni, ili ujumbe uvaliwe na kutembea.

Utaratibu wa kikao ulikuwa rahisi, na urahisi huo ndio uliokuwa na nguvu. Kikundi, ambacho kilikuwa na watu kadhaa wa mtaa au kitongoji kimoja, kilikusanyika saa ya kipindi na kusikiliza redio, kisha mmoja akasoma sehemu ya kitabu iliyohusu ugonjwa wa wiki hiyo kwa sauti, kisha wote wakajadili kama ugonjwa huo upo kwao, unaingiaje na unaweza kuzuiwaje, na mwishowe wakakubaliana hatua ya kuchukua. Malaria ilifuatiwa na kufyeka nyasi na kufukia madimbwi na makopo. Kuhara damu na safura vilifuatiwa na kuchimba vyoo na kufunika mashimo yake. Kichocho kilifuatiwa na kuacha kukojoa na kujisaidia majini. Kifua kikuu kilifuatiwa na kufungua madirisha na kumpeleka hospitali anayekohoa kwa muda mrefu. Na habari za maji zilifuatiwa na kusafisha visima na kuchemsha maji ya kunywa. Walipokutana tena, la kwanza kuzungumzwa lilikuwa kama kazi imefanyika. Mtu aliyesema mbele ya jirani zake kwamba atachimba choo alikuwa amejifunga kwa ahadi ambayo hakuna faini ingeweza kuifikia, kwa maana jirani haondoki baada ya ukaguzi.

Tathmini iliyofanywa na watafiti wa Taasisi, akiwemo Budd Hall, ambaye baadaye alikuja kujulikana duniani kwa utafiti shirikishi, ililinganisha kaya za vijiji kadhaa kabla na baada ya kampeni, na ikaonyesha kwamba maarifa yaliongezeka na, la muhimu zaidi, mazingira ya nyumba yalibadilika kwa macho. Mamia ya maelfu ya vyoo vilichimbwa nchini kote. Mwaka 1975 mbinu hiyohiyo ilitumika kwa kampeni ya lishe iliyoitwa Chakula ni Uhai, na mwaka 1976, wakati mkutano wa kimataifa wa elimu ya watu wazima ulipofanyika Dar es Salaam, Tanzania ilikuwa tayari inatajwa kama mfano.

Pamoja na sifa hizo, historia inayotaka kuwa ya kweli lazima itaje palipovuja. Novemba 1973, muda mfupi baada ya vikundi kumaliza vikao vyake, ilitangazwa kwamba ifikapo mwisho wa 1976 watu wote wa vijijini wawe wanaishi katika vijiji vya ujamaa, na Operesheni Vijiji iliyofuata ikawahamisha mamilioni ya watu. Katika sehemu nyingi za nchi familia zilizokuwa zimetoka kuchimba choo kwa hiari zilikiacha nyuma pamoja na mashamba na miti yao, na zikafika mahali papya ambapo hapakuwa na choo, maji wala jirani wa kikundi. Vijiji vipya vilisogeza watu karibu na shule na zahanati, na hilo ni faida isiyopingika. Lakini msongamano bila vyoo ni hatari kuliko nyumba zilizotawanyika bila vyoo, na kazi iliyofanywa kwa mazungumzo ilirudiwa kwa amri. Hasara kubwa zaidi haikuwa ya mashimo, bali ya vikundi vyenyewe, ambavyo havikupewa kazi ya kudumu baada ya kipindi cha mwisho cha redio kurushwa. Kampeni kwa tabia yake ina mwanzo na mwisho, ilhali mikono huchafuka kila siku.

Mkutano wa Alma-Ata wa Septemba 1978 ulipotangaza huduma ya afya ya msingi, yaani huduma inayoanzia nyumbani na kijijini kwa ushiriki wa watu wenyewe, Tanzania ilikuwa imekwisha kutembea sehemu kubwa ya njia hiyo. Vita vya Uganda na mdororo wa uchumi wa miaka ya 1980 viliifanya safari kuwa nzito: zahanati zikakosa dawa, pampu za maji zikakosa vipuri, betri za redio zikawa bidhaa adimu, na katika miaka ya 1990 wananchi wakaanza kuchangia gharama za matibabu. Kilosa iliendelea kuwa mahali pa kufundishia watu wa afya, kwa kuwa mjini hapo kipo chuo cha matabibu, ambacho wahitimu wake ndio wanaokutana kwanza na mgonjwa katika zahanati na vituo vya afya vya vijijini. Na Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi (MMAM) wa 2007 hadi 2017, uliokusudia kuwa na zahanati katika kila kijiji na kituo cha afya katika kila kata, uliongeza mahitaji ya watumishi wa aina hiyo.

Matukio mawili ya miaka ya karibuni yaliipima wilaya hii kwa ukali. La kwanza lilikuwa homa ya bonde la ufa, ugonjwa wa mifugo unaoenezwa na mbu na unaowafikia binadamu kwa kugusa damu au nyama ya mnyama mgonjwa na kwa kunywa maziwa mabichi, ambao mwaka 2007 uliua watu zaidi ya 100 nchini, na Morogoro ikawa miongoni mwa mikoa iliyoathirika. Kilosa ina vijiji vya wafugaji vinavyojulikana, kama Parakuyo na Twatwatwa, na kumwambia mfugaji asile nyama ya ng'ombe aliyekufa na achemshe maziwa ni kugusa kitovu cha uchumi na heshima yake. Tangazo la Kiswahili linalosikika redioni haliwezi peke yake kumfikia mama wa boma anayezungumza Kimaa na ambaye ndiye anayekamua. Anahitajika mtu wa hukohuko atakayekaa naye, amsikilize na ajibu maswali yake, yaani kiongozi wa kikundi kwa maana ileile ya 1973.

La pili lilikuwa mafuriko. Mwishoni mwa Desemba 2009 Mto Mkondoa ulivunja tuta lililojengwa kuukinga mji wa Kilosa, maji yakaingia katika makazi, reli ya kati ikakatika, na watu zaidi ya 20,000 wakapoteza makazi, wengi wao wakaishi katika mahema na majengo ya umma. Mafuriko yanageuza kila kanuni ya choo cha shimo. Shimo refu, ambalo katika nchi kavu ni sifa, katika bonde lenye maji ya juujuu humwaga uchafu ndani ya kisima cha jirani, na shimo lisilojengewa hutitia. Elimu ya usafi inayofaa bondeni kwa hiyo ni lazima ifundishe ujenzi: kuinua choo juu ya usawa wa ardhi, kujengea shimo kwa matofali au mawe, kuliweka mbali na kisima na upande wa chini wa mteremko, na kutibu maji kwa kuchemsha au kwa dawa hata yanapoonekana kuwa meupe. Kaya maskini inayoambiwa tu kwamba choo ni muhimu, bila kupewa maarifa hayo na bila msaada wa saruji, haijaelimishwa, imelaumiwa.

Serikali ilirudi kwenye suala la vyoo kwa nguvu kupitia Kampeni ya Taifa ya Usafi wa Mazingira, ambayo mwaka 2017 ilipata jina lililoenea kila pembe, Nyumba ni Choo, huku msanii Mrisho Mpoto akiwa sauti yake. Kampeni hiyo ilileta katika lugha ya kawaida neno choo bora, ambalo maana yake ni choo chenye sakafu inayosafishika, kuta, paa na mlango, na chenye mahali pa kunawia mikono karibu. Kibuyu chirizi, yaani kidumu kinachoning'inizwa kwenye mti na kuinamishwa kwa kamba inayokanyagwa kwa mguu ili mkono mchafu usikiguse, ni kifaa kidogo kinachobeba elimu kubwa, kwa sababu kinalifanya tendo la kunawa liwezekane hata mahali ambapo maji hubebwa kichwani. Utafiti wa nchi nyingi unaonyesha kwamba kunawa mikono kwa sabuni hupunguza magonjwa ya kuhara kwa takriban theluthi moja, na pale sabuni inapokosekana majivu husaidia. Jambo hilo linahusu pia mila ya mezani: beseni moja linalopitishwa kwa watu wote hukusanya uchafu wa mtu wa kwanza na kumpa wa mwisho, ilhali jagi linalomiminwa juu ya mikono ya kila mmoja, ambalo ni adabu ya zamani ya kumnawisha mgeni, ndilo lile linaloitwa leo maji tiririka.

Mikumi ina sura yake ya pekee katika habari hii. Mji huo, ulio karibu kilomita 300 kutoka Dar es Salaam katika barabara kuu ya kwenda Iringa na Zambia, huishi kwa wasafiri: madereva wa malori, abiria wa mabasi, watalii, mama lishe na nyumba za kulala wageni. Kabla ya kufika mjini kutoka Morogoro barabara hukatiza ndani ya hifadhi kwa takriban kilomita 50, na desturi ya abiria kushuka porini kujisaidia, ambayo kwa tafsida huitwa kuchimba dawa, imekuwa tatizo la afya, la staha na hata la usalama katika njia nyingi ndefu nchini, kiasi cha mamlaka kuipiga marufuku. Marufuku hiyo inatekelezeka pale tu ambapo stendi ina vyoo visafi, vyenye maji, vinavyofunguliwa usiku, na vyenye faragha kwa wanawake na kwa wasichana walio katika hedhi. Mji wa wasafiri hauwezi kuelimishwa kwa vikundi vya wakazi peke yao, kwa kuwa nusu ya watumiaji wa vyoo vyake hawatakuwepo kesho. Unahitaji mhudumu wa choo anayelipwa vizuri na muuza chakula anayeelewa kwa nini sahani ioshwe kwa maji ya moto, na hao wawili ni walimu wa afya kwa maelfu ya watu wasiojua kwamba wanafundishwa.

Mwaka 2024 Wizara ya Afya ililirudisha jina la Mtu ni Afya kwa kampeni mpya ya awamu ya pili, na mwanzoni mwa mwaka huohuo ulizinduliwa mpango wa miaka mitano wa kuwaandaa wahudumu wa afya ya jamii zaidi ya 137,000 nchini kote, idadi inayokaribia mara mbili ya viongozi wa vikundi wa 1973. Kurudi kwa jina hilo ni heshima kwa Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, ambayo ingali hai na ina kampasi yake ya WAMO hapo hapo Morogoro. Simu, runinga na redio za jamii, Kilosa ikiwa nayo miongoni mwa wilaya zenye redio ya namna hiyo, zinafikisha ujumbe kwa wepesi ambao waandaaji wa kwanza hawakuuota. Sehemu ya kazi ambayo haijabadilika ni ile inayofanyika baada ya redio kuzimwa, pale mhudumu wa kitongoji anapokaa na kaya chache za Mkondoa au za Mikumi, akauliza shimo limechimbwa wapi na kisima kiko wapi, akakubaliana nao kazi moja ya wiki hiyo, na akarudi wiki inayofuata kuitazama.